Nyasi Zenye Miguu: Mwekezaji Mdogo na Dakika za Kufunguliwa kwa Soko la Hisa

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wawekezaji wadogo wanaonunua na kuuza hisa kwa fedha zao wenyewe. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro iliyooneshwa ukutani nimeiacha, na mahali palipoitegemea nimeeleza kwa maneno.

Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya maandalizi, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana: nawashukuru kwa kunialika.

Naomba nianze kwa kuwasumbua kidogo. Nyosheni mikono wale ambao mmewahi kuagiza hisa usiku, mkalala na furaha, kisha asubuhi mkakuta mmezinunua kwa bei ambayo hamkuwahi kuifikiria. Naona mikono ya nusu ya ukumbi, na nusu nyingine nadhani wanaona haya. Mkono wangu ni huu hapa.

Miaka mingi iliyopita nilisoma jioni kwamba kampuni moja ndogo imetangaza faida kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Soko lilikuwa limekwisha kufungwa. Nikaweka oda ya kununua kwa bei ya soko, yaani bila kutaja kiwango cha juu nitakachokubali kulipa, kwa sababu nilijiambia kwamba jambo la maana ni kuwawahi wengine. Asubuhi nikakuta oda yangu imetimizwa kwa bei iliyokuwa asilimia 19 juu ya ile ya kufungia jana yake. Kabla ya adhuhuri hisa hiyo ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 12 kutoka pale niliponunua mimi. Kampuni haikuwa na kosa, faida yake ilikuwa ya kweli, na habari niliyoisoma ilikuwa sahihi. Nilikuwa na habari sahihi, na bado nikapoteza fedha. Ilikuwaje?

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Kila asubuhi soko linapofunguliwa fahali wanakutana, na mara nyingi methali hiyo hutajwa ili kutuonea huruma sisi wadogo. Lakini tazameni vizuri. Nyasi huumia kwa sababu haziwezi kuondoka uwanjani, nasi tunaweza. Mfuko unaofuata fahirisi, yaani kipimo cha bei za kundi la hisa, hulazimika kununua na kuuza siku ambayo fahirisi inabadilishwa. Mtengeneza soko ana wajibu wa kutaja bei ya kununulia na ya kuuzia hata mambo yanapochafuka. Dalali mkubwa ana oda za wateja ambazo hawezi kuwarudishia kwa kuwa tu leo upepo ni mkali. Je, wewe nani anakulazimisha kununua dakika ya kwanza? Nani? Uhuru huo wa kungoja ndio nguvu pekee tunayowazidi wakubwa, na asubuhi baada ya asubuhi tunautupa wenyewe.

Ndugu zangu, ili tuutumie uhuru huo, lazima kwanza tujue kinachotokea kengele inapolia.

Soko likifungwa jioni, dunia haifungwi. Kampuni nyingi hutangaza matokeo yao ya fedha nje ya saa za biashara, benki kuu hubadilisha riba, takwimu za ajira hutolewa, vita huanza, masoko ya bara jingine huanguka tukiwa usingizini. Saa zote hizo bei iliyoandikwa kwenye skrini yako ni bei ya jana, ni kama picha ya mtu aliyekwisha kuondoka. Habari zote za usiku mzima husubiri kupita kwenye mlango mmoja mwembamba, na mlango huo ni kufunguliwa kwa soko. Ndiyo maana bei hairudi pale ilipolala. Huruka, na kati ya bei ya jana na ya leo hubaki pengo ambalo, katika saa za kawaida za soko, hapakuwa na mtu yeyote aliyenunua wala kuuza ndani yake.

Masoko mengi makubwa hufungua kwa mnada. Mjini London, kwa mfano, mnada huo hukusanya oda kuanzia saa 1:50 asubuhi, na biashara ya kawaida huanza saa 2:00. Oda zote hurundikwa pamoja, kisha hutafutwa bei moja ambayo itawezesha hisa nyingi zaidi kubadilishana mikono, na wote waliofaulu hulipa bei hiyohiyo moja. Hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu ni jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Ukiingia kwenye mnada ukiwa umetaja kiwango chako cha juu, na mnada ukaishia chini ya kiwango hicho, utalipa bei ya mnada na wala si kiwango chako. Kutaja kikomo hakukuumizi kwa lolote isipokuwa jambo moja: huenda usipate hisa. Na mara nyingi, niwaambieni ukweli, kutokupata ndiyo bahati yenyewe.

Kwa hisa za kampuni kubwa, mnada wenyewe si mahali pa kuogopa sana, kwa kuwa wanunuzi na wauzaji ni wengi na bei hupatikana kwa kushindana. Hatari kubwa iko katika dakika zinazofuata, pale biashara ya mfululizo inapoanza na kila mtu bado anapapasa. Watengeneza soko hawajui bado nani ana habari gani, na kwa kujilinda hupanua tofauti kati ya bei wanayonunulia na bei wanayouzia. Ukinunua na kuuza papo hapo katika dakika hizo, umekwisha kulipa ushuru mkubwa kabla hujakosea wala kupatia chochote. Baadaye asubuhi, oda zinapoongezeka na woga unapopungua, tofauti hiyo hupungua yenyewe. Hisa ni ileile, kampuni ni ileile, siku ni ileile, ila ushuru umeshuka. Kwa hisa za kampuni ndogo zisizo na wanunuzi wengi hata mnada hauaminiki, kwa sababu oda mbili tatu za watu wenye pupa zinatosha kuipeleka bei mbinguni. Hilo ndilo lililonipata mimi. Mmoja wa wale wenye pupa nilikuwa mimi.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu bei zinazoonekana kabla ya kengele. Wengi huamka alfajiri, wakaona hisa imepanda asilimia 8 katika biashara ya mapema, na wakaamini kwamba hiyo ndiyo bei. Saa hizo wanunuzi ni wachache mno, na oda ndogo inaweza kuisukuma bei mbali. Itumieni kama fununu tu.

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo ni aina ya oda tunazoziweka, na hapa nina kisa ambacho kila mwekezaji mdogo angepaswa kukijua kama anavyolijua jina lake.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 24 Agosti 2015. Masoko ya China yalikuwa yameanguka usiku, na New York ilifunguliwa saa 3:30 asubuhi ikiwa na hofu. Katika dakika chache za mwanzo fahirisi ya Dow Jones iliporomoka kwa takriban pointi 1,100. Lakini ajabu ya siku hiyo haikuwa kwenye fahirisi. Ilikuwa kwenye ile mifuko ya pamoja inayouzwa sokoni kama hisa, ile ambayo washauri wote hutuambia kwamba ni salama kwa sababu ndani yake kuna kampuni mamia. Baadhi ya mifuko hiyo, yenye hisa za kampuni kubwa na imara, ilianguka kwa zaidi ya asilimia 30 kwa dakika kadhaa, ilhali hisa zilizokuwa ndani yake hazikuwa zimeanguka kiasi hicho hata kidogo. Hisa nyingi zilikuwa bado hazijafunguliwa, biashara ilisitishwa karibu mara 1,300 katika hisa na mifuko mbalimbali, na waliokuwa na kazi ya kulinganisha bei ya mfuko na thamani ya vilivyomo hawakuwa na bei za kulinganishia. Wakajiondoa. Na walipojiondoa, mnunuzi hakuwepo.

Ni nani aliyeuza kwa bei hizo za kichaa? Ni watu kama mimi na wewe, waliokuwa wameweka oda za kuzuia hasara wakiamini wamejikinga. Elewa oda hiyo inavyofanya kazi. Unaposema “hisa ikishuka hadi 90, iuze,” wengi hudhani wamesema “niuzie kwa 90.” Hamkusema hivyo. Mmesema “ikigusa 90, niuzie kwa bei yoyote itakayopatikana.” Bei yoyote! Na asubuhi ya tarehe 24 Agosti, bei iliyopatikana kwa wengine ilikuwa 65. Waliouza hivyo waliona kabla ya adhuhuri bei ikirudi karibu na pale ilipotoka, na wao hawamo tena. Oda waliyoiweka iwe ngao ndiyo iliyowachoma.

Jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba soko la hisa la New York lenyewe liliacha kupokea oda za namna hiyo kuanzia Februari 2016. Madalali wengi bado wanazitoa kwa mifumo yao wenyewe, kwa hiyo msidhani zimekwisha.

Je, tuache kuzuia hasara? La hasha. Kuna namna ya pili ya oda hiyo, ambayo hutaja bei mbili: bei ya kuiamsha, na bei ya chini kabisa utakayoikubali. Ingekuokoa siku ile ya Agosti. Lakini nisiwadanganye, nayo ina ubaya wake: kampuni ikianguka kwa sababu ya kweli, bei ikaruka chini ya kikomo chako na isirudi, hutauza kabisa na utabaki na mzigo. Kati ya mabaya hayo mawili kila mmoja achague kwa kutazama alichoshika. Mimi, kwa mfuko mpana wenye mamia ya kampuni, sitaki kamwe oda inayoweza kuuza kwa bei yoyote, kwa sababu kampuni mia tano hazifilisiki zote asubuhi moja. Kwa hisa ya kampuni moja ndogo yenye madeni, heri nitoke kwa bei mbaya kuliko kutotoka. Na kwa kununua sina maelezo marefu. Oda ya bei ya soko iliyowekwa usiku ili itimizwe asubuhi ni hundi uliyotia saini bila kuandika kiasi. Msiziweke.

Kwamba hata wakubwa huumizwa na dakika hizo, nadhani mnajua kisa cha kampuni ya Knight Capital ya Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 soko lilipofunguliwa, mfumo wake uliokuwa umesakinishwa vibaya ulipokea oda ndogo 212 za wateja wa kawaida na, katika jitihada ya kuzitimiza, ukafanya miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa 154 kwa muda wa dakika 45. Hasara ilizidi dola milioni 440, na kampuni ililazimika kutafuta waokoaji. Mimi hukitaja kisa hiki kwa sababu moja. Asubuhi ile kulikuwa na watu wengi waliotazama hisa zikipanda ghafla kwa nguvu, wakasema “kuna anayejua kitu,” wakaingia nao. Hapakuwa na aliyejua kitu. Ilikuwa ni kompyuta iliyokosea. Mara ngapi tumemfuata mtu ambaye hajui aendako, kwa sababu tu anakimbia?

Jambo la tatu ni ukubwa wa mzigo. Ndugu zangu, naomba hapa tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hakuna oda yoyote itakayomwokoa aliyebeba kuliko uwezo wake.

Tuseme una mtaji wa 10,000 wa fedha yoyote ile, na umejiwekea sharti kwamba hutapoteza zaidi ya asilimia 1 katika biashara moja, yaani 100. Unanunua hisa na kuweka kizuizi cha hasara asilimia 2 chini. Hesabu ya vitabuni inakwambia ununue hisa za 5,000, kwa kuwa asilimia 2 ya 5,000 ni 100. Hesabu hiyo ni sahihi mchana. Usiku ni ya uongo, kwa sababu inadhani kwamba bei itapita kwenye kizuizi chako ikitembea, na tumekwisha kuona kwamba asubuhi bei hairuhusu hilo; huruka. Ikifunguliwa asilimia 12 chini, umepoteza 600, mara 6 ya ulichojiahidi. Kwa hiyo mzigo unaolala nao upimwe kwa pengo unalodhani linawezekana. Ukisema hutaki pengo la asilimia 12 likutoe zaidi ya 300, basi ubakie na hisa za 2,500. Ni nusu. Najua inakera kupunguza nusu ya kitu unachokipenda jioni, hasa siku ambayo kimepanda.

Mnauliza, asilimia 12 inatoka wapi? Tarehe 5 Agosti 2024, fahirisi ya Nikkei mjini Tokyo ilianguka asilimia 12.4 kwa siku moja. Si hisa moja ya kampuni yenye kashfa. Ni fahirisi ya kampuni 225 za nchi yenye uchumi miongoni mwa mikubwa duniani. Siku chache kabla, Benki Kuu ya Japani ilikuwa imepandisha riba, kisha Ijumaa takwimu za ajira za Marekani zikatoka dhaifu, na watu waliokuwa wamekopa yeni kwa riba ndogo ili wanunue mali kwingine wakaanza kukimbilia mlango wote kwa pamoja. Jumanne iliyofuata fahirisi hiyohiyo ilipanda zaidi ya asilimia 10. Sasa nisikilizeni. Aliyekuwa na hisa zilizolipiwa kwa fedha yake mwenyewe aliumwa na kichwa Jumatatu, na Jumanne akapona sehemu kubwa. Aliyekuwa amekopa kwa dalali hakuiona Jumanne. Mzigo wake uliuzwa Jumatatu bila kuulizwa.

Turudi kwenye mtaji wetu wa 10,000. Ukikopa hadi ukabeba hisa za 50,000, pengo la asilimia 12 linachukua 6,000. Umebaki na 4,000, na ili urudi ulipokuwa unahitaji faida ya asilimia 150. Ukibeba za 100,000, pengo hilohilo linachukua 12,000: mtaji wote umekwenda, na unadaiwa 2,000. Mnaona? Soko ni lile, pengo ni lile, mmoja anaumwa na kichwa na mwingine anadaiwa.

Kudaiwa huko si kitisho cha kutungwa. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro moja, kiwango ilichokilinda tangu Septemba 2011. Tangazo lilitoka soko la fedha likiwa wazi, lakini lilifanya kazi ya pengo la asubuhi, kwa sababu kwa dakika kadhaa hapakuwa na bei za katikati. Vizuizi vya hasara vilivyokuwa karibu na 1.20 vilitimizwa mbali sana chini yake, na wateja wengi wadogo wa madalali wa fedha za kigeni walijikuta na salio la kudaiwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2018, mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ilipunguza kiwango cha mkopo ambacho madalali wangeweza kuwapa wateja wadogo katika mikataba ya kubashiri mabadiliko ya bei, na ikaagiza kwamba mteja asidaiwe zaidi ya alichoweka. Mamlaka hiyo ilieleza wakati huo kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba hiyo hupoteza fedha. Ulizeni madalali wenu swali moja tu: pengo likitokea, naweza kudaiwa? Na jibu mlitake kwa maandishi.

Nimefika kwenye jambo la nne, na ndilo watu huniuliza zaidi: basi asubuhi yenyewe tufanyeje?

Kuna mama mmoja tuliyewahi kujifunza naye biashara hii, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa na utaratibu uliotuchekesha. Usiku aliandika kwenye karatasi hisa anazozitaka, bei ambayo angeikubali kwa kila moja, na bei ambayo ikifikiwa atakubali kwamba alikosea. Asubuhi soko lilipofunguliwa, aliiweka simu yake kwenye droo, akafanya shughuli zake kwa nusu saa, kisha akarudi na kulinganisha karatasi na skrini. Bei ikiwa ndani ya kiwango alichokiandika, alinunua kwa oda yenye kikomo. Ikiwa nje, aliikunja karatasi na siku ikaisha. Sisi tulikuwa tunamwita mzembe. Baada ya mwaka mmoja, kati ya watu tuliokuwa darasani, wengi walikuwa wameacha biashara kwa hasara, naye alikuwa bado yupo na droo yake.

Alichokifanya mama huyo si uzembe. Aliyefikiri usiku, soko likiwa limefungwa na hakuna namba inayowaka mbele ya macho yake, alikuwa ni mtu mtulivu. Aliyerudi nusu saa baada ya kengele hakuwa na kazi ya kufikiri tena, alikuwa na kazi ya kusoma karatasi. Maamuzi yote magumu yalikuwa yamekwisha kufanywa na yule mtulivu. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunalala bila mpango, kisha tunataka kufikiri katika dakika ambazo bei inabadilika kila sekunde.

Nusu saa si namba takatifu. Kuna siku ambapo dakika 15 zinatosha, na kuna siku ambapo hata saa 2 ni chache. Mnamo Machi 2020, biashara ya hisa Marekani ilisitishwa mara 4 kwa dakika 15 kila mara, kwa kuwa fahirisi kuu ilianguka asilimia 7. Mara 3 kati ya hizo ilitokea katika dakika chache za mwanzo wa siku. Asubuhi ya tarehe 16 ya mwezi huo soko lilifunguliwa na kusimamishwa karibu papo hapo. Siku za namna hiyo, kungoja nusu saa maana yake ni kungoja biashara ianze kwa kweli.

Lakini lazima niseme pia upande wa pili, maana mzungumzaji anayesifu kungoja bila kutaja gharama yake anawapunja wasikilizaji. Kuna asubuhi ambapo bei ya kufungulia ndiyo bora ya siku nzima kwa anayetaka kutoka. Habari ni mbaya kwelikweli, hisa inafunguliwa asilimia 10 chini, na jioni iko asilimia 20 chini. Aliyengoja amelipia kungoja kwake. Nimewahi kuwa mtu huyo, na haikuwa mara moja. Kwa hiyo ninapoamka na kukuta pengo dhidi yangu, najiuliza swali moja tu: je, sababu iliyonifanya ninunue imekufa, au bei tu ndiyo imeanguka? Sababu ikiwa imekufa, kwa mfano kampuni imekiri kwamba hesabu zake zilikuwa za uongo, nauza nusu mnadani na nusu baada ya vumbi kutulia. Sababu ikiwa hai, naiweka simu kwenye droo. Kuuza nusu si hekima kubwa. Ni kukiri kwamba sijui, na kuhakikisha kwamba ujinga wangu haunigharimu wote kwa mpigo mmoja.

Jambo dogo hapa, la kiufundi, lakini limewaliza watu. Siku za mtikisiko mkubwa ndizo siku ambazo programu za madalali hukwama, kwa sababu wateja wote huingia kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa dakika 40 nikitazama duara likizunguka kwenye skrini, huku hisa niliyotaka kuiuza ikiteremka ngazi. Dalali huyo sitamtaja, na sidhani wenzake ni bora sana. Kwa hiyo mpango ambao unategemea kwamba utabonyeza kitufe saa 3:31 asubuhi ya siku mbaya kuliko zote si mpango. Oda zinazohitajika ziwekwe jana yake, zikiwa na kikomo, na namba ya simu ya meza ya biashara ya dalali iwe imeandikwa mahali pasipohitaji intaneti kusomeka.

Na wale mliokuja hapa mkiwa wawekezaji wa miaka 20, mnaonunua kidogo kidogo kila mwezi: mengi niliyoyasema hayawahusu. Nunueni katikati ya siku kwa oda yenye kikomo, kisha mwendelee na maisha yenu. Ninyi ndio mliokwisha kuondoka uwanjani, na sioni sababu ya kuwarudisha.

Mheshimiwa mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimalizie kwa kazi ya nyumbani, maana mali bila daftari hupotea bila habari, nami sitaki mtu yeyote hapa aniamini kwa sababu tu nimepewa kipaza sauti. Kila mmoja achague hisa tatu anazozifanyia biashara. Kwa siku 20 za soko, bila kununua wala kuuza chochote kwa ajili ya zoezi hili, aandike bei ya kufungulia, bei ya nusu saa baadaye, bei ya kufungia, na tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia katika nyakati hizo tatu. Kando yake, kwa wino wa rangi nyingine, aandike kile ambacho angekifanya dakika ya kwanza kama asingejizuia. Hiyo safu ya mwisho iandikwe palepale, kabla ya kujua siku iliishaje. Ikiandikwa jioni haina thamani, kwa sababu jioni sote ni mabingwa.

Katibu amekubali kuzikusanya daftari hizo katika mkutano ujao. Yangu nitaileta nikiwa wa kwanza, na safu yenye wino mwekundu nitaisoma hapa mbele kwa sauti. Asanteni sana.